Moto Uliovuka Mpaka wa Shamba

Mafundisho juu ya Kutoka 22:6



Katika torati ya Musa, kati ya sheria za mwizi, za mifugo na za mali iliyowekwa amana, imo sheria moja fupi ambayo wengi wetu huipita upesi tusomapo. Yanena habari za mtu aliyewasha moto, na moto ule ukashika miiba, ukaenea hata ukaiteketeza nafaka ya mwenziwe, iwe imekwisha kuvunwa au ingali imesimama shambani. Sheria haimwulizi mtu yule kama alikusudia mabaya. Wala haimwulizi kama moto wake ulikuwa wa halali. Yasema tu kwamba yeye aliyeuwasha hana budi kulipa.

Sisi tulio wakulima na wana wa wakulima twaielewa sana sheria hii. Kila mwaka, kabla ya mvua, twaona moshi ukipanda juu ya mashamba. Mtu asafisha shamba lake mwenyewe, kwa kiberiti chake mwenyewe, juu ya ardhi aliyoirithi kwa baba yake, na jirani hana neno. Lakini upepo ukigeuka, moto hausimami mpakani kuuliza shamba hili ni la nani. Hapo ndipo neno lile "changu" linapokoma. Aliyekuwa na haki ya kuwasha hana haki ya kuunguza cha mwenziwe.

Mwezi huu nataka tulitazame andiko hili pamoja na jambo ambalo watu wameshindana juu yake katika nchi nyingi, nalo ni moshi wa tumbaku uwafikiao watu wasiovuta, na sheria zinazokataza kuvuta mahali pa watu wengi. Wako katika sharika zetu wanaodhani ya kuwa hili ni neno la madaktari na la serikali tu. Wako wengine wanaodhani ni ukali wa walimu wa zamani, waliohesabu kila starehe kuwa dhambi. Nami nasema ni neno la Amri ya Tano.

Tuliopita mafundisho ya Kipaimara twakumbuka jinsi Dk. Martin Luther alivyoieleza amri ile katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Hakufundisha kwamba kila asiyeshika upanga ameitimiza. Alifundisha ya kuwa amri hiyo yatukataza kumdhuru jirani katika mwili wake, na zaidi ya hayo yatuagiza kumsaidia katika kila haja ya mwili. Basi swali letu si kwamba tumbaku ni najisi au si najisi. Swali letu ni hili: moshi wangu wamfanyia nini jirani yangu?

Kitabu cha Mwanzo chatueleza ya kuwa Mungu alipomfanya mtu kwa mavumbi alimtia pumzi ya uhai puani mwake. Pumzi ndiyo zawadi ya kwanza aliyopewa mwanadamu, kabla ya bustani, kabla ya amri, kabla ya mke. Nayo ni zawadi ya ajabu, kwa kuwa mtu hawezi kuiahirisha. Chakula chenye mashaka aweza kukisukuma kando akangoja hata kesho. Maji machafu aweza kuyamwaga. Lakini aliye ndani ya chumba chenye moshi hana la kuchagua. Avute hewa iliyomo, au atoke. Na asiyeweza kutoka atavuta tu.

Sigara iwakayo hutoa moshi kwa njia mbili. Kuna moshi ule avutao mvutaji mwenyewe, kisha autoe kwa kinywa na pua. Na kuna moshi utokao katika ncha iwakayo, wakati sigara imeshikwa vidoleni au imewekwa kandoni. Huu wa pili ndio sehemu kubwa ya moshi wanaouvuta wenzake, nao haukupita katika kichujio chochote. Wataalamu wamehesabu ndani ya moshi wa tumbaku aina zaidi ya 7,000 za kemikali, na karibu 70 katika hizo zajulikana kuwa huleta kansa. Imo ndani yake hata ile hewa ya sumu itokayo katika makaa, ambayo imewaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Hakuna mzazi mwenye akili awezaye kuliweka jiko lile kando ya kitanda cha mwanawe. Lakini sigara twaiwasha pale pale, tena huku tukimpakata mtoto.

Mtu aweza kusema, "Wazee wetu hawakuyajua haya." Ni kweli, hawakuyajua, wala sisi hatuwahukumu. Torati yenyewe yajua tofauti ya mtu asiyejua na mtu ajuaye. Katika sura ya 21 ya kitabu kile kile cha Kutoka twasoma habari za ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe hata akafa. Kama ng'ombe yule hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe huachiliwa. Lakini kama ilikuwa desturi yake, na watu walikwisha kumshuhudia mwenyewe, naye asimfunge, hapo hatia ni yake.

Basi, ndugu, je, sisi tumeshuhudiwa au bado? Mwaka 1981 mtaalamu wa Japani, jina lake Takeshi Hirayama, alitangaza mambo aliyoyaona alipofuatia maisha ya wanawake 91,540 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta. Aliwafuatia kwa muda wa miaka 14, tangu 1966 hata 1979. Akaona ya kuwa wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa kansa ya mapafu kwa kadiri ya karibu mara mbili kupita wale ambao waume zao hawakuvuta. Mwaka ule ule wataalamu wa Ugiriki nao walitangaza jambo la namna hiyo. Watu wengi walibisha, hasa wale waliouza sigara. Lakini ushahidi uliongezeka. Mwaka 1986 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa taarifa ya kwamba moshi wa mwingine huwaletea kansa ya mapafu watu wasiovuta. Taarifa nyingine ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kadiri ya moshi huo iliyo salama. Kwamba waongezeka hatari ya maradhi ya moyo. Na kwamba kutenga viti vya wavutaji, kufungua madirisha, au kuweka mashine za kusafisha hewa hakutoshi kumlinda aliye ndani ya jengo moja nao. Kwa watoto, ilitaja pumu inayozidi, maradhi ya kifua, maradhi ya masikio, na vifo vya ghafula vya watoto wachanga. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria ya kuwa kila mwaka watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kwa sababu ya moshi wa wenzao.

Ng'ombe huyu amekwisha kushuhudiwa. Baba zetu walikuwa kama mwenye ng'ombe ambaye hakuambiwa. Sisi tumeambiwa.

Sasa tazameni ni watu gani wanaoumia, maana hapa ndipo kiini cha neno langu. Wako watatu.

Wa kwanza ni mke, kama wale wanawake wa Japani. Katika desturi zetu mke humwonea haya mumewe mbele ya watu, na mkwe humwonea haya baba mkwe zaidi. Ni binti gani aliyeolewa jana atakayemwambia mzee mwenye nyumba, "Baba, naomba usivute hapa"? Atakohoa kimya, atafunika uso wa mtoto kwa kanga, atajifanya ana kazi jikoni.

Wa pili ni mfanyakazi. Mtumishi katika hoteli au katika kilabu cha pombe husimama katika moshi saa nane au kumi kila siku. Mgeni huvuta kwa muda wa saa moja, hulipa, huondoka. Mtumishi hubaki, na kesho atarudi. Akimwambia mgeni azime sigara, huenda kesho hana kazi.

Wa tatu ni mtoto. Yeye hajui hata kwamba ana la kusema. Amepakatwa na babu yake ampendaye, na harufu ya tumbaku kwake ni harufu ya babu.

Hao watatu wamefanana katika jambo moja, nalo ni kwamba hawawezi kusema. Mithali 31 yamwagiza mfalme afumbue kinywa chake kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisemea. Basi sheria zinazokataza kuvuta mahali pa watu wengi, zikitungwa vema, ni kinywa hicho. Wengi huzilaumu wakisema zawanyima wavutaji uhuru. Hawaoni kwamba zawapa sauti wale ambao hawakuwa nayo. Mtumishi hana haja tena ya kugombana na mgeni. Ataonyesha tangazo lililo ukutani, basi.

Nchi ya Ireland ilikuwa ya kwanza duniani kukataza uvutaji ndani ya mahali pote pa kazi, pamoja na vilabu vya pombe. Sheria ilianza tarehe 29 Machi 2004. Watu walisema haitawezekana, kwa kuwa kilabu na sigara kwao vilikuwa kama pacha. Lakini ilishikwa. Wataalamu walipima hewa katika vilabu 42 vya mji wa Dublin kabla ya sheria na baada yake. Vumbi laini la moshi lilipungua kwa asilimia 83, na wauzaji wasiovuta walionekana kupumua vema zaidi kuliko kwanza. Norway, nchi ambayo wamisionari wengi wa Kilutheri walitoka, ilifuata tarehe 1 Juni mwaka ule ule, na Sweden tarehe 1 Juni 2005. Huko vilevile neno kubwa lilikuwa afya ya watumishi.

Hata huku kwetu serikali hazikulala. Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015. Nchi hizi tatu zimo pia katika mkataba wa Shirika la Afya Ulimwenguni juu ya tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kazi mwaka 2005. Na kifungu cha 8 cha mkataba huo chazitaka nchi ziwalinde watu na moshi katika mahali pa kazi, katika vyombo vya safari na katika majengo ya watu wote. Lakini sote twajua ya kuwa sheria iliyoandikwa na sheria inayofuatwa ni mambo mawili.

Sisi Walutheri tumefundishwa ya kuwa Mungu autawala ulimwengu huu kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja atuletea Injili inayookoa. Kwa mkono wa pili, kwa njia ya serikali na sheria, azuia mwenye nguvu asimwumize mnyonge. Tusiichanganye mikono hiyo. Hakuna mtu aendaye mbinguni kwa sababu hakuvuta tumbaku. Lakini tusiudharau mkono ule wa pili. Kumbukumbu la Torati 22 yamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya afanye ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba ni yake, dari ni yake, lakini ukingo ni wa mgeni wake. Hivyo ndivyo zilivyo sheria hizi.

Najua ya kuwa yako majibu, nami nimeyasikia mengi. Tuyapime kwa upole.

Wa kwanza asema, "Bwana Yesu alifundisha ya kuwa kimwingiacho mtu kinywani hakimtii unajisi." Amesema kweli, wala simwambii kwamba sigara imemtia unajisi. Lakini asome mpaka mwisho. Bwana aliendelea kusema habari za yale yatokayo moyoni. Basi na tuuangalie moyo. Mtu ajuaye ya kuwa moshi wake wamdhuru mtoto aliye chumbani, naye akavuta pale pale kwa kuwa hataki kuondoka kitini, ni nini kilichomo moyoni mwake? Hapo hatuneni tena juu ya tumbaku.

Wa pili asema, "Mkristo ni mtu huru." Ndiyo, ni mtu huru. Luther aliandika kitabu kizima juu ya uhuru huo mwaka 1520, naye akafundisha humo mambo mawili pamoja: Mkristo kwa imani hayuko chini ya mtu yeyote, na kwa upendo yuko chini ya kila mtu. Mwenye kushika nusu ya kwanza akaiacha ya pili hajaupata uhuru wa Kikristo, amepata ukaidi tu. Mtume Paulo alijua ya kuwa nyama haina neno. Walakini aliwaandikia Wakorintho kwamba kama chakula chamkwaza ndugu yake, yeye yu tayari kuacha nyama daima. Na ndugu yule alikuwa akiumia dhamiri. Sisi twaombwa kuondoka chumbani kwa ajili ya ndugu anayeumia mapafu. Je, hilo ni kubwa kupita la Paulo?

Wa tatu asema, "Mama zetu walipika katika moshi wa kuni, na sisi tulikulia humo. Mbona hamwukatazi moshi huo?" Swali hili ni la haki, nami nalishukuru. Moshi wa kuni nao hudhuru, tena sana, hasa kina mama na watoto wadogo. Yatupasa kujenga majiko yenye dohani, na kupanua madirisha ya jikoni. Lakini mama akaa katika moshi ule ili watoto wale. Huumia yeye kwa ajili yao. Mvutaji huwaumiza wao kwa ajili yake mwenyewe. Tusiifanye dhabihu ya mama kuwa udhuru wetu.

Wa nne asema, "Tumbaku ndiyo riziki ya watu." Neno hili ni zito, wala simjibu kwa haraka. Wako Wakristo Tabora, Urambo na Chunya wanaolipia karo za watoto kwa tumbaku, na jasho lao Mungu alijua. Lakini sheria ya kutovuta ndani ya basi au hotelini haikumnyang'anya mtu yeyote jembe lake; yamwambia mvutaji atoke nje tu. Tena tuangalie ni nani asemaye kwa jina la mkulima. Katika Matendo ya Mitume 19 Demetrio mfua fedha wa Efeso alisimama kuitetea heshima ya mungu wake wa kike. Lakini alipowakusanya mafundi wenzake alianza kwa kuwakumbusha faida ya kazi yao. Mwezi Agosti 2006 hakimu wa mahakama ya Washington, Gladys Kessler, alitoa hukumu ya kwamba makampuni makubwa ya sigara ya Marekani yalikuwa yamewadanganya watu kwa miaka mingi, hata katika habari za moshi uwafikiao wasiovuta. Yalijua, lakini yalisema kwamba neno bado halijathibitika. Basi tusikiapo watu wakinena kwa sauti kubwa juu ya uhuru wetu, tuulize kwanza ni nani anayepata faida.

Sasa nageukia nyumbani, kwa maana huko ndiko jambo lilikobaki. Sheria yaweza kuingia hotelini, ofisini na ndani ya basi. Chumbani mwa mtu haiingii. Hakuna askari atakayesimama kando ya kitanda cha mtoto wako usiku. Mahali pasipoweza kufika sheria pamewekwa upendo. Kwa hiyo mwacheni mwenye kujua aanze yeye, asingoje kuambiwa. Babu aseme mwenyewe, "Mwanangu, mpokee huyu mtoto, mimi naenda nje kuvuta." Neno hilo moja litamwondolea mkwe mzigo ambao hangeweza kuutua. Na kama kijana hana budi kusema, aseme kwa adabu: "Shikamoo, babu. Mtoto ana pumu; naomba tukuwekee kiti kule chini ya mwembe." Mzee asilichukue neno hilo kuwa ni dharau. Kijana amemheshimu, kwa kuwa ameamini ya kuwa babu yake ni mtu mwema.

Enyi walimu na wazee wa kanisa, kwenu nina maneno manne. Kwanza, nyumba ya Mungu pamoja na ofisi na baraza yake isiwe na moshi wa tumbaku, watu wasingoje sheria ya nchi kuwafundisha hivyo. Pili, katika matanga, arusi na sherehe za Kipaimara, wavutaji watengewe mahali nje, mbali na watoto, na mbali na mama wenye mimba na wagonjwa wa kifua. Tatu, wenye hoteli, maduka na mabasi katika usharika wakumbushwe ya kuwa Mungu atawauliza habari za watumishi wao. Nne, msimwaibishe mvutaji. Nikotini humfunga mtu kwa kamba ngumu. Wengi wamejaribu kuacha mara nyingi, wakalia machozi. Msimfukuze, msimfanyie mzaha mbele ya vijana. Mtembeleeni, ombeni pamoja naye, mshaurini amwone mganga, na mfurahini naye kwa kila siku aliyoshinda. Mlevi wa tumbaku aendaye nje kwa ajili ya mtoto wa jirani ameanza kuitii Amri ya Tano kuliko mtu asiyevuta amdharauye.

Nalirudia andiko letu. Torati yasema aliyewasha moto na alipe. Nafaka yaweza kulipwa; mtu atoe magunia yake, jirani ale. Lakini pumzi ya mtu ni nani awezaye kuilipa? Huenda msomaji mmoja wa gazeti hili alimzika mke aliyekohoa miaka mingi, naye sasa asoma maneno haya na moyo wake wamchoma. Ndugu yangu, mimi siwezi kukuambia ugonjwa wake ulitoka wapi, wala sikuandika ili nikutie jiwe juu ya jiwe. Lakini nakuambia hivi: moto tuliouwasha sisi sote, kwa kujua na kwa kutokujua, umeunguza mashamba tusiyoweza kuyalipa. Kama torati ingekuwa neno la mwisho la Mungu, hapana hata mmoja wetu angesimama. Lakini yuko mmoja ambaye hakuuwasha moto, naye alilipa. Juu ya msalaba pumzi yake ilikatika, ili sisi tupate kuvuta pumzi ya watu waliosamehewa. Leteni kwake deni lenu, naye atalichukua.

Kisha, kwa kuwa deni limekwisha kulipwa, inukeni mkamtazame jirani aliyebaki. Yuko mtoto nyumbani ambaye bado apumua. Yuko mkwe asiyesema. Yuko mtumishi asimamaye kando ya meza yako hotelini. Hao ndio shamba la mwenzako, na upepo unavuma kwao. Uzime moto wako, au uupeleke mbali.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyetupa pumzi na kuihifadhi hata leo, utusamehe madhara tuliyowatenda wenzetu tusipojua, na yale tuliyoyatenda tukijua. Uwafungue waliofungwa, uwatie nguvu waliodhoofika vifuani, uwape watawala wetu hekima ya kuwalinda wasio na sauti, nasi utupe upendo usiongoja kuamriwa. Kwa Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.